Mwanga Umezimika, Protini Ingalipo

Wanafunzi wanaoanza kazi ya maabara hutuletea swali hili mara kwa mara: jana seli zangu zilikuwa zinang'aa kijani, leo nimezitazama kwa darubini naona giza tupu; protini yangu imekwenda wapi? Mara nyingi haijaenda popote.

Protini hiyo ya kijani, GFP, asili yake ni yavuyavu wa Bahari ya Pasifiki aitwaye Aequorea victoria. Osamu Shimomura na wenzake waliitaja mwaka 1962. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake wakaonyesha kuwa jeni lake likipandikizwa katika bakteria au minyoo, nao hung'aa. Siku hizi mtafiti huliunganisha na jeni la protini anayoichunguza, kama mfugaji amfungaye mbuzi kengele: popote aendapo, anajulikana alipo.

Lakini kengele ikijaa matope hailii. Kiini cha mwanga wa GFP kimejificha ndani ya umbo mfano wa pipa, na pipa likibomoka mwanga huzimika. Kuchemsha sampuli pamoja na sabuni ya maabara hulibomoa. Methanoli na asidi nazo hupunguza mwanga au kuuzima. Hapo ndipo tunapotumia kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili zinazoinasa GFP hata isipong'aa, sawa na kupapasa shingo ya mbuzi gizani.

Kingamwili hizi hupatikana, kwa mfano, kwa kumdunga sungura GFP. Mwili wake huiona ni kitu kigeni na kuitengenezea kingamwili. Tukiziweka juu ya sampuli zinanasa GFP, kisha tunaongeza kingamwili ya pili, inayoshika za sungura na iliyobeba rangi au kimeng'enya. Kwa kuwa kingamwili kadhaa za pili hukaa juu ya moja ya kwanza, hata protini iliyo haba huonekana. Mimi hupendelea ya pili iwe nyekundu, kwa sababu seli nyingi zina ukijani wake wa asili unaodanganya macho.

Faida ninayoithamini zaidi iko kwenye westani bloti, kipimo ambacho protini hutenganishwa kwa ukubwa, kisha ile iliyonaswa na kingamwili huonekana kama mstari. GFP ina takriban kilodaltoni 27 (kilodaltoni ni kizio cha uzito wa protini). Ikiwa protini yako ina 50, mstari utokee karibu na 77. Ukitokea kwenye 27 peke yake, basi kengele imeanguka njiani na mbuzi ameshapotea: ule mwanga uliokuwa ukiufuatilia ulikuwa wa GFP tupu. Darubini peke yake haiwezi kukuonyesha hilo.

Angalia pia nasaba. Aina za manjano na samawati zilizotokana na GFP hunaswa kwa kawaida na kingamwili zilezile, kwa hiyo usizitegemee kuzitofautisha. Protini nyekundu iitwayo mCherry haitokani na yavuyavu huyo bali na Discosoma, kiumbe wa bahari aliye jamaa ya marjani. Hiyo inahitaji kingamwili yake yenyewe.

Na kila jaribio liwe na kisahani cha seli zisizo na GFP kabisa, kilichopitishwa hatua zilezile, pamoja na kingine kilichowekwa kingamwili ya pili tu. Kimojawapo kikiwaka, punguza kipimo cha kingamwili, ongeza muda wa kuosha, kisha rudia.