Je, wajua kwa nini mpiga chapa, msanii anayechonga kibao na kukichapa karatasini, huchonga maneno kinyume?

Andika neno UA kwa herufi kubwa, kisha lionyeshe kioo. Utasoma AU. Kibao changu cha kwanza cha kuchapia kiliniponyoka hapo hapo. Nilichonga UA kama nilivyozoea kuliandika tangu skuli, nikapaka wino, nikalaza karatasi, nikasugua, nikafunua: AU. Asubuhi nzima ya patasi, na mbao haina kifutio.

Sababu yake ni kwamba karatasi hulazwa kifudifudi juu ya kibao. Ukiifunua na kuigeuza ikutazame, kilichokuwa kulia kimeshahamia kushoto. Muhuri wa sheha ni vivyo hivyo: tazama upande wa mpira, maandishi yote yamepinduka. Yako maneno machache yasiyojali, kwa kuwa herufi zake zina mabawa sawa pande zote mbili na zimepangwa sawasawa. UTU ni mojawapo, na AMA pia. Mengine yote lazima yapinduliwe. Hati ya Kiarabu, ambayo macho yetu yameizoea ikitoka kulia, kwenye kibao huchongwa ikitoka kushoto.

Mafundi hawategemei kichwa kwa hesabu hii. Huchora kwa penseli laini kwenye karatasi nyepesi, wakailaza kifudifudi juu ya kibao na kuisugua mgongo. Unga wa penseli huhamia kwenye mbao ukiwa umeshapinduka wenyewe, kazi ikabaki kuufuata mstari.

Upo upinduzi wa pili, na huu ndio unaonivutia zaidi. Wino hupakwa kwa rola, na rola hugusa palipoinuka tu. Kwa hiyo patasi huondoa kile kisichotakiwa kuonekana. Ukitaka jahazi jeusi kwenye bahari nyeupe, unachonga bahari na kuliacha jahazi.

Pita vichochoro vya Mji Mkongwe utazame milango. Fundi wa mlango naye huchimba pembeni ili yungiyungi, samaki au mnyororo uinuke, na ukimuona kazini utadhani yeye na mpiga chapa wanafanya jambo moja. Lakini mlango husaidiwa na jua. Asubuhi kivuli hulala upande huu wa ua, jioni upande ule, na kina cha mchongo huonekana. Chapa haina kivuli. Shimo la milimita mbili na shimo la sentimita mbili hutoa weupe ule ule. Akitaka kijivu, mpiga chapa hukata mistari myembamba iliyokaribiana, jicho la mtazamaji likachanganya lenyewe. Ndiyo maana huwa nasimama muda mrefu mbele ya chapa ya uso wa mzee: kila kunjo limepatikana kwa kuamua wapi mkono usiguse.

Vifaa si vingi. Patasi ndogo zenye ncha bapa, ya duara na ya umbo la V, jiwe la kunolea, rola, wino wa mafuta, na mgongo wa kijiko cha mbao kwa asiye na mashine. Kibao huweza kuwa cha mbao, ambayo ina nyuzi na ukienda kinyume chake hupasuka, au linoliamu, isiyo na nyuzi kabisa. Linoliamu ilibuniwa Uingereza na Frederick Walton miaka ya 1860 kwa ajili ya kutandikwa sakafuni. Hutengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa mbao au wa kizibo. Ikipata joto hulainika. Kwenye nchi za baridi huipasha moto kwanza. Unguja unaianika dirishani dakika chache tu.

Wino una kigeugeu chake. Wino wa mafuta haukauki kwa maji kuvukiza kama nguo kambani, bali mafuta hushika hewa ya oksijeni na kugandamana taratibu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, karatasi nayo hunywa unyevu na kutanuka. Ukichapa nyekundu leo na nyeusi kesho kutwa, huenda mistari isikutane tena.

Na mawazo ya picha yanatoka wapi? Kwa msanii aliyelelewa hapa, naona mwalimu wa kwanza ni kanga. Ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina chini yake, na huuzwa doti, vipande viwili vyenye sura moja. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kanga ameshajifunza kuwa picha hutaka mpaka, kwamba neno ni sehemu ya pambo, na kwamba sura moja ikirudiwa haipungui thamani.

Kwenye chapa, kurudia huko huwekewa hesabu. Ukiona 3/20 kwa penseli chini ya picha, hiyo ni nakala ya tatu kati ya 20. Zikitimia, wasanii wengi hupitisha patasi kibaoni toka pembe hadi pembe, ili kisitoe ya 21.