Kuoanisha viwango vya mafuta na moshi wa magari: maana yake

Kuoanisha viwango vya mafuta na moshi wa magari ni hatua ya nchi jirani zinazofanya biashara kukubaliana juu ya ubora wa petroli na dizeli, na juu ya kiasi cha gesi chafu ambacho gari linaruhusiwa kutoa, ili kilichokubalika upande mmoja wa mpaka kisigeuke kosa upande wa pili. Maana yenyewe haina ugumu. Kinachonisumbua ni kwamba kila nisomapo habari za makubaliano ya namna hii, nakuta "kuoanisha" na "kusawazisha" yametumiwa kama neno moja.

Mzizi wa kuoanisha ni oa. Waliooana hawageuki kuwa mtu mmoja; kila mmoja hubaki na jina lake na tabia zake, ila wamekubaliana yale ambayo bila hayo nyumba haikaliki. Kusawazisha ni kuondoa tofauti, kama mtu anayechonga kilima ili afukie shimo. Nchi mbili zinaweza kutofautiana katika kodi, katika umri wa magari yanayoingizwa na hata katika ratiba ya ukaguzi, na bado viwango vyao vikawa vimeoana. Zinaweza pia kuandika tarakimu zilezile za moshi bila kuoanisha lolote, kwa sababu mafuta yao hayalingani.

Hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, kwamba mafuta nayo lazima yaoane na gari. Kiwango cha moshi wa magari kiitwacho Euro 4, kilichoanza kutumika Ulaya mwaka 2005, kilikwenda sambamba na mafuta yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, yaani miligramu 50 katika kilo nzima ya dizeli. Ndani ya bomba la moshi mna kisafisha moshi chenye vitundu vingi kama masega ya nyuki, kilichopakwa madini ya thamani. Salfa hung'ang'ania madini hayo na kuyadhoofisha. Lori lililojazwa dizeli chafu kabla ya kuvuka mpaka huutoa moshi wake katika nchi ya jirani, hata kama cheti chake ni halali kote kuwili.

Januari 2015 nchi tano zilizokuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ilikuwa hatua kubwa, nami naiheshimu. Ila tunapoitaja, tuseme kwamba viwango vya mafuta ndivyo vilivyooanishwa siku hiyo; tukisema "viwango vya magari" tunakuwa tumewahi, maana dizeli safi peke yake haimzuii mtu kuendesha gari ambalo kisafisha moshi chake kiling'olewa zamani.