Seva ya nyumbani: yanayosemwa Mombasa na ukweli wake

Ukitaja seva, wengi hufikiria chumba chenye ubaridi mkali, makabati ya chuma na gharama za kampuni kubwa. Sivyo. Seva ni kompyuta yoyote inayokaa macho muda wote kuhudumia vifaa vingine. Zile kompyuta ndogo za ofisini za mtumba zinaweza kuendesha Nextcloud ya mafaili, Immich ya picha na Home Assistant ya kusimamia taa na vifaa vya nyumba. Zote tatu unaweza kuzipakua bila malipo.

“Itanimalizia tokeni.” Tupige hesabu. Kompyuta ndogo inayotumia wati 10, ikiwaka mchana na usiku kwa siku 30, inakula uniti 7.2. Hizo ni sawa na saa sita za pasi ya wati 1,200 kwa mwezi mzima. Kompyuta kubwa ya zamani ya wati 80 ndiyo ya kuogopa, maana hiyo inafika uniti 57.6. Kwa hivyo angalia wati kabla hujaangalia bei.

“Intaneti ikikatika, nyumba inakufa.” Hapa inategemea umenunua nini. Swichi nyingi za bei rahisi hupeleka amri yako hadi seva iliyo nchi nyingine, ndipo amri irudi kuwasha taa ya sebuleni kwako. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora Kenya na Tanzania, taa za namna hiyo hazikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa njia ndefu ambayo amri zake zililazimishwa kupita. Home Assistant, ambayo Paulus Schoutsen aliianza mwaka 2013, inaweza kuamrisha vifaa humo humo ndani ya nyumba. Sharti ni kwamba kifaa chenyewe kikubali, kwa hivyo muulize muuzaji waziwazi: hiki kinafanya kazi bila intaneti?

Wanaoishi Mji wa Kale wana lao. Kuta nene za mawe ya matumbawe hudhoofisha wifi kabla haijafika jikoni. Vifaa vya Zigbee, yaani vinavyozungumza vyenyewe kwa redio bila wifi, husaidia hapo, kwa sababu kila plagi ya Zigbee iliyochomekwa kwenye stima hupokea ujumbe wa jirani yake na kuupitisha mbele. Zipange chumba hadi chumba, karibu na milango. Na kabla hujanunua swichi za ukutani, fundi afungue moja aangalie kama kuna waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme. Nyumba nyingi hazina waya huo kwenye swichi, na swichi nyingi za kisasa zinauhitaji.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: “Kitu kikiwa kwangu, kiko salama.” La hasha! Fungua kompyuta iliyokaa miaka karibu na ufuo wa Nyali au Bamburi. Utakuta shaba imegeuka kijani, skrubu zina kutu, na feni imegandwa na vumbi lenye chumvi. Ongeza stima inayopotea na kurudi ghafla, ongeza mwizi. Wengine hutia diski mbili zinazoigana wakadhani wamemaliza. Diski hizo zinakukinga moja ikifa, lakini ukifuta picha kwa bahati mbaya, inafutika kwenye zote mbili papo hapo. Picha za harusi ya wazazi na sauti ya bibi aliyekwishatangulia mbele ya haki haziuzwi dukani. Weka nakala ya pili kwenye diski unayoichomoa, na ya tatu, iliyofungwa kwa nenosiri, kwa ndugu aliye mbali, tuseme Voi. Kisha chukua faili moja kutoka kila nakala ulifungue, na urudie zoezi hilo mara kwa mara.

Wapo pia wanaodhani ili kuifikia seva ukiwa kazini Changamwe lazima ufungue mlango kwenye ruta, yaani uiruhusu ipokee wageni kutoka nje. Usifanye hivyo kwa pupa. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta tele duniani kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. Tena mara nyingi mlango huo hautakusaidia, kwa kuwa kampuni nyingi za intaneti huwachanganya wateja wengi kwenye anwani moja ya nje. Tumia WireGuard, programu inayokuchimbia njia ya siri hadi nyumbani, kupitia seva ndogo ya kukodi, au Tailscale, ambayo imejengwa juu ya WireGuard na ni rahisi kwa anayeanza.

Barua pepe ndiyo ya kuiacha kwa sasa. Watoa huduma wakubwa hukataa barua nyingi zinazotoka kwenye anwani za majumbani, hata seva yako iwe safi namna gani. Anza na picha.