Antonio Nariño: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Ukitaja uhuru wa Amerika Kusini, wengi watakujibu kwa majina mawili, Bolívar na San Martín, majemadari juu ya farasi. Hapo ndipo dhana potofu ya kwanza ilipo, kwamba ukombozi ule ulikuwa kazi ya upanga peke yake. Antonio Nariño wa Bogotá alikamatwa mwaka 1794, Bolívar akiwa mtoto wa miaka 11. Kosa lake lilikuwa karatasi.

Karatasi yenyewe nayo imezushiwa mengi. Husemwa kwamba tafsiri yake ya Azimio la Haki za Binadamu na Raia, lile la Wafaransa, ilienea Granada Mpya nzima (Kolombia ya leo) ikawasha moto wa mapinduzi. Sivyo. Nariño alikiazima kitabu chenye Azimio hilo kutoka kwa kapteni wa walinzi wa mwakilishi wa mfalme wa Uhispania, nacho kilitoka katika maktaba ya mwakilishi huyo huyo! Mwezi Desemba 1793 akaichapa tafsiri yake kwenye mtambo wake mwenyewe, nakala zipatazo mia. Chache mno zilipotoka mlangoni, akaonywa kuwa mambo yataharibika, naye akazitia moto zote zilizosalia. Kilichovuma ni kesi. Alihukumiwa miaka 10 katika ngome za Uhispania huko Afrika, mali yake ikataifishwa, na wakili aliyethubutu kumtetea, José Antonio Ricaurte, naye akafungwa Cartagena, mji wa bandari wa Granada Mpya, hadi akafia kifungoni. Mimi huyo wakili simsahau, ingawa vitabu vingi humpita.

Afrika Nariño hakufika. Meli ilipotia nanga Cádiz, bandari ya Uhispania, mwaka 1796, alitoroka.

Wengine humweka katikati ya umati wa Bogotá tarehe 20 Julai 1810, siku ambayo Kolombia huiadhimisha kama siku ya uhuru. Siku hiyo hakuwapo. Alikuwa Cartagena, kwani alikwisha kurudi nchini na kukamatwa tena mwaka uliotangulia. Alirudi Bogotá mwishoni mwa 1810, na Julai 1811 akaanzisha gazeti, La Bagatela. Toleo la Septemba 19 lilieleza waziwazi hatari iliyoikabili nchi. Watu wakakusanyika, rais Jorge Tadeo Lozano akajiuzulu siku ile ile, na mhariri akakabidhiwa urais wa Cundinamarca, yaani dola ya Bogotá na viunga vyake.

Je, wazalendo walikuwa kitu kimoja? Hata kidogo. Nariño alitaka serikali moja yenye nguvu. Camilo Torres na wenzake wa mji wa Tunja walitaka shirikisho la majimbo. Walipigana wao kwa wao, na tarehe 9 Januari 1813 Nariño akawashinda wanashirikisho kwenye viunga vya Bogotá. Katika hili simtetei. Pande zote mbili zilimwaga damu ambayo ingehitajika Wahispania waliporudi.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba mwaka 1814, huko kwenye mji wa Pasto, alijisalimisha kwa woga. Farasi wake aliuawa vitani, uvumi ukaenea kwamba yeye mwenyewe amekufa au ametekwa, jeshi likatawanyika. Alibaki porini siku kadhaa kabla ya kujitoa kwa adui. Na adui huyo hakuwa Mhispania mtupu, kama wengi wanavyodhani: wengi waliompiga walikuwa wenyeji wa Pasto, waliomtii mfalme na dini yao kwa moyo wote.

Akasafirishwa hadi Cádiz, akakaa kifungoni mpaka 1820. Aliporudi, Bolívar akamteua makamu wa rais wa muda, lakini wapinzani wakadai hafai kuwa seneta: ana deni la hazina ya zaka za kanisa aliyoitunza zamani, alijisalimisha Pasto, na amekaa nje ya nchi muda mrefu. Tarehe 14 Mei 1823 alisimama mbele ya Seneti, mwili umechoka, akajitetea mwenyewe. Hiyo nje ya nchi ilikuwa gereza, na gereza aliliingia kwa ajili ya nchi hiyo hiyo. Wakamwondolea mashtaka yote. Desemba mwaka ule akafariki Villa de Leyva.

Leo ikulu ya Kolombia, Casa de Nariño, imesimama mahali alipozaliwa mwaka 1765. Kuna pia mkoa wenye jina lake kusini mwa nchi. Makao makuu ya mkoa huo ni Pasto.