Kabla hujalipa dola za kuchapisha pepa, pitia maktaba kwanza

Wiki iliyopita kaja ofisini kwangu dada mmoja anamalizia PhD, simu mkononi, uso umemshuka. Pepa yake imekubaliwa, siku mbili baadae ikaingia imeili ya kutaka dola 2,000 na kitu. "Kaka, kwani kuchapisha si bure? Au ndo nishatapeliwa?"

Mi ni mkutubi, haya maswali nayapata karibu kila wiki so ngoja niandike mara moja yaishe. Zamani aliyelipa ni msomaji, yaani maktaba ya chuo inanunua jarida kwa mwaka, isiponunua wewe unaishia kusoma ikisiri tu. Ufikiaji huria (open access) ukaja kusema pepa iwe wazi, yeyote mwenye intaneti asome bure. Sawa kabisa, ila wachapishaji wengi wakubwa walichofanya ni kuhamisha bili kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi, ndo hiyo inaitwa APC, yaani ada ya kuchapisha makala. Jarida la Nature walipotangaza yao mwaka 2020 ilikuwa euro 9,500. Kwa pepa moja! Hapo hesabu mwenyewe ni mishahara mingapi ya assistant lecturer.

Kinachoniuma ni kwamba watu wanaamini huria maana yake lazima ulipe. Siyo. Tamko la Budapest la 2002, ambalo ndo lilitoa jina la hili jambo, lilitaja njia mbili, majarida huria na mwandishi mwenyewe kuweka nakala yake wazi mtandaoni. Hiyo ya pili ndo tunaiita njia ya kijani na haina hela yoyote, watu wa fizikia walishaanza kuwekeana pepa kwenye arXiv, hifadhi ya wazi ya mtandaoni, tangu 1991 na hakuna aliyekufa. Unachoweka ni mswada wako uliokubaliwa, ule wa Word baada ya marekebisho ya wapitiaji, SIO ile PDF iliyopangwa vizuri na nembo ya jarida, hapo wengi wanakosea. Jarida linaweza kukwambia subiri miezi 6 au 12 au hata 24 kwanza, masharti yao unayaangalia kwenye tovuti ya Sherpa Romeo ambayo siku hizi inaitwa Open Policy Finder, au niletee mimi nikuangalizie.

Halafu kuna majarida ambayo hayamtozi hela mwandishi wala msomaji. Wenzetu wa Kiswahili wanalijua Swahili Forum, unaingia unapakua basi.

Na msamaha wa ada upo. Kwenye Research4Life, mpango wa kuzipa nchi za kipato cha chini majarida bure au kwa bei nafuu, Tanzania tuko kundi A, Kenya wako B, na wachapishaji wengi kundi A wanasamehe yote, B wanapunguza nusu. Ila omba mapema, wakati unatuma pepa, maana ukishakubaliwa wengine hawakusikilizi tena. Jarida lenyewe pia liwe huria zima zima, yale ya mchanganyiko (hybrid), yenye pepa za kununua na chache zilizo wazi kwa kulipiwa na mwandishi, kwa kawaida hayasamehi.

Matapeli wapo pia sikatai. Ukiona jarida linakusifia kwenye imeili kuliko mama yako alivyowahi kukusifia, na linaahidi riviu ya siku tatu, kimbia. Angalia kama limo DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida huria, likiwemo si dhamana ya asilimia mia lakini angalau kuna watu wameshalikagua.

Turudi kwa yule dada. Nikamwambia fungua imeili tusome wote taratibu, kumbe jarida lake ni la mchanganyiko, chini kabisa kulikuwa na chaguo la kuchapisha kwa njia ya kawaida bila kulipa hata senti, hakushuka mpaka huko. Tukachagua hilo, na mswada utaingia kwenye hifadhi ya chuo muda wa kusubiri ukiisha. Kazi iliyobaki ni kuupata huo mswada wenyewe, maana kwenye laptop yake kuna "final", "final2" na "final kabisa" na hakumbuki ni ipi alituma.