Kima, papa na ukurasa wa kusimama: kuwasomea watoto ngano zenye picha

Mzazi anayetafuta kitabu cha kumfunza mtoto kuacha ubinafsi, sisi wa maktaba ya watoto humwelekeza kwanza kwenye kisa cha kima na papa. Kisa hiki kimetembea. Kimetoka India, kikapita Uajemi, na katika karne ya 8 mwandishi Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu ndani ya Kalila na Dimna, kitabu cha ngano za wanyama. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere akachapisha masimulizi yake ya Unguja. Rafiki wa kima kwa Wahindi ni mamba, kwa Waarabu ni kasa, Unguja ni papa.

Kima yuko juu ya mkuyu ambao matawi yake nusu yako nchi kavu, nusu baharini. Kila siku anakula kuyu na kumtupia rafiki yake papa. Miezi inapita. Papa anamkaribisha kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa kilindini ndipo anapomwambia: sultani wao anaumwa, na dawa ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kima wakisafiri huacha mioyo mtini. Papa anageuza, kima anaruka juu, na akiitwa anauliza kama amefanywa punda wa dobi, yule aliyeponyoka kwa simba kisha akarudi mwenyewe.

Sasa tazama picha. Wapo wachoraji wanaomtoa papa meno nje na macho mekundu tangu ukurasa wa kwanza, na hapo kisa kimekwisha. Mtoto ameshamjua mbaya kabla hajatenda neno. Ubinafsi utakaomkuta shuleni hauna meno. Utatoka kwa rafiki aliyekula chake miezi mingi, au kwake mwenyewe. Chagueni kitabu ambacho papa ana sura ya rafiki.

Ukurasa wa kusimama ni ule wa kubebana mgongoni, ambao hata wachoraji wa miswada ya Kiarabu waliupenda. Funika maandishi kwa kiganja, uliza: papa anawaza nini? Mtoto akikujibu "ametumwa", usimkatize. Papa wa Unguja ametumwa kweli, na kwa mtoto anayetumwa dukani kutwa hiyo ni hoja nzito. Muulize basi: kwa nini hakumwambia kima kabla hajampanda mgongoni?

Kwa kisa cha Sungura kazi ni ngumu zaidi. Wenzake wanachimba kisima, yeye anakataa, halafu usiku anakwenda kuiba maji, na watoto wanamshangilia! Waacheni wacheke. Wakimaliza, warudisheni kwenye picha ya wachimbaji, wamtafute asiyekuwepo.

Asiye na kitabu asimulie tu. Afike pale papa anapogeuza, anyamaze, ampe mtoto kipande cha mkaa achore sakafuni uso wa papa.