Bunduki Ikifungwa Kiwambo cha Sauti, Masikio Bado Yazibwe

Msimu wa uwindaji wa kitalii unapokaribia kufunguliwa mwezi Julai, wawindaji bingwa, wafuata nyayo na askari wa wanyamapori wanaofika katika kliniki yetu ya masikio hapa Moshi huuliza kama bunduki iliyofungwa kiwambo cha sauti, yaani kifaa cha kupunguza mlio kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu, inaweza kupigwa masikio yakiwa wazi. Jibu letu ni hapana, na kwa bunduki inayojipakia yenyewe ni hapana yenye mkazo zaidi.

Mlio wa bunduki ya uwindaji hufikia kati ya desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 155 na 170 kwenye kilele chake, ilhali kikomo kinachotumika sana katika usalama kazini kwa milio ya ghafla ni desibeli 140. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 35. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa upungufu wa desibeli 30 maana yake ni kwamba msukumo wa hewa unaofika sikioni umeshuka takriban mara thelathini. Hata hivyo, bunduki ya desibeli 165 iliyopunguziwa 25 inabaki palepale kwenye kikomo. Mlio laini kama mluzi unaosikika kwenye filamu ni kazi ya mafundi wa studio. Kifaa chenyewe kilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1909 kwa jina la Hiram Percy Maxim, ambaye baba yake ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ya Maxim, silaha ambayo wazee wetu waliijua kwa uchungu enzi za Wajerumani.

Kiwambo hushughulikia sauti moja tu, yaani ile ya gesi ya baruti inayofumuka kwenye mdomo wa mtutu, kwa kuipitisha katika vyumba vidogo ili ipanuke na kupoa kabla ya kutoka. Hakina uwezo wowote juu ya mpasuko unaosababishwa na risasi yenyewe, ambayo katika bunduki nyingi za uwindaji hutoka kwa kasi inayozidi mita 800 kwa sekunde, wakati sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340. Mpasuko huo hufuatana na risasi njia nzima.

Katika bunduki inayojipakia yenyewe huongezeka chanzo kingine. Silaha nyingi za aina hiyo huchota sehemu ya gesi kutoka kwenye mtutu ili kusukuma nyuma bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kutupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Kiwambo huifanya gesi ikawie ndani ya mtutu, hivyo gesi nyingi zaidi hurudi kwenye mitambo, bolti hurudi kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa, na moshi pamoja na mlio hutokea kwenye tundu la kutolea ganda, sentimita chache tu kutoka kwenye shavu la mpigaji. Kwa kawaida mpigaji wa mkono wa kulia huumia zaidi sikio la kushoto, kwa sababu ndilo lililoelekea mdomo wa mtutu huku la kulia likikingwa na kichwa. Lakini tundu hilo likiwa upande wa kulia, sikio lililokuwa na nafuu nalo huingia hatarini. Kanuni za uwindaji nchini hazikubali bunduki za kujipakia zenyewe, ila maswali haya huletwa na wanaohudumia wageni waliozizoea kwao, na pia na askari wanaozibeba doria. Hakuna anayepaswa kufunga wala kubadilisha chochote kwenye silaha kabla ya kupata idhini ya polisi, na kumpelekea fundi wa kukereza vyuma mtaani kazi hii ni kuomba ajali: kiwambo kikikaa upande kidogo tu, risasi hukigonga kikapasuka.

Anayetusumbua akili zaidi ni mfuata nyayo. Mgeni hupiga risasi chache akarudi kwao, lakini mfuata nyayo husimama kando ya vijiti vya kuegemeza bunduki, mara nyingi mbele kidogo ya mpigaji, msimu baada ya msimu, bila chochote masikioni. Bunduki ikiwa na kile kifaa cha matundu ya pembeni cha kupunguza teke, gesi huelekezwa upande wake na mlio huwa mkali kuliko mtutu mtupu. Kwa maoni yangu kampuni inayomnunulia mgeni vinywaji baridi haishindwi kumnunulia mfanyakazi wake vizibo.

Kwenye karatasi ya kipimo cha usikivu, madhara haya huonekana mapema. Mstari huenda sawa kwenye sauti nene, kisha hudidimia ghafla karibu na hezi 4,000, yaani kwenye sauti nyembamba, na kupanda tena kidogo. Mwenye masikio hayo husikia kwamba mtu anaongea, lakini hatofautishi "saba" na "haba". Seli zenye vinyweleo zilizomo ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na vifaa vya kusaidia usikivu havirudishi kilichopotea.

Vizibo vya sponji visokotwe vembamba, sikio livutwe juu na nyuma, kisha vishikiliwe mpaka vitanuke. Kinachochungulia nje nusu nzima hakijaziba kitu. Kwenye uwanja wa shabaha vaa na vifuniko vya nje juu yake. Porini, vipo vifuniko vya kielektroniki vinavyopitisha minong'ono na kukata mlio mkubwa.

Masikio yakiendelea kuvuma au kuziba hadi kesho yake, nenda hospitali yenye daktari wa masikio siku hiyohiyo, maana tiba ya dharura hufaa zaidi katika siku za mwanzo. Usitie mafuta wala dawa ya matone kabla hajachungulia, kwa kuwa ngoma ya sikio inaweza kuwa imetoboka.